Shati la Mteja

Binti aliyeketi mbele yangu kwenye basi alimwambia jirani yake wa kiti, mama fundi cherehani, kwamba anakwenda kujaribiwa mara ya pili kwenye mchezo wa jukwaani wa kuimba. "Walisema sauti ninayo, ila nasimama kama nguzo."

"Kusimama hivyo ni kwa kwaya, mwanangu. Shika." Fundi akampa sindano na shati lililokosa kifungo. "Shona huku unaimba."

"Humu ndani, mama?"

"Kwani huko utaimbia kabatini?"

Akaanza kwa aibu. Kufikia ubeti wa pili alikuwa akiugombeza uzi kwa wimbo, mabega yakicheza, hata kondakta akasahau kutangaza kituo. Basi liliposimama, binti akaruka nje na shati mkononi, bado anaimba.

"Mama, shati," nikamkumbusha fundi.

"La mteja," akajibu, macho dirishani. "Mwache aingie nalo jukwaani."