Baba wa Televisheni za Miwani

Baba yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Miwani, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkunga. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu umeme mwaka 1972. Chuoni alishtakiwa kwa kuifungua redio ya ofisi bila ruhusa. Hakuna aliyetaja kwamba aliirudisha ikishika stesheni mbili zaidi, kwa hiyo tunataja sisi leo.

Mwaka 1979 alifungua duka lake la televisheni pembeni mwa posta. Mlango wa pili alikuwapo fundi cherehani. Baba alimpelekea suruali moja ipunguzwe, ikapunguzwa tena na tena, mpaka siku fundi alipomwambia, "Kaka, ukirudi tena nakushonea kaptula. Sema shida yako." Akasema. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981, na huyo ndiye mama yetu.

Mwaka 2011 zilikuja televisheni ambazo ukivaa miwani yake maalumu, picha inaonekana kutoka nje ya kioo. Baba alipagawa. Alitenga chumba cha nyuma, akatia pazia zito, akawa anawavisha wateja miwani na kuuliza, "Inatoka?" Wote walijibu, "Inatoka, fundi!" kisha wakaenda zao bila kununua. Hakuelewa kwa nini. Mama ndiye aliyeshangilia kuliko wote. Mpira ukija kwenye picha, aliinama kuukwepa.

Mchana mmoja Mama aliinama kabla Baba hajabonyeza rimoti kuwasha picha ya miwani. Picha ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Mke wangu, umekwepa nini?"

Mama akavua miwani. "Baba Watoto, haijawahi kutoka. Hata siku moja. Nilikuwa naona tu unavyofurahi."

Baba akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo aliwasihi wateja wamwambie ukweli, nao wakaumwaga. Kichwa kinauma. Picha inafifia. Mwenye miwani ya macho anavaa miwani juu ya miwani. Wageni wakija, miwani haitoshi, na vipindi vyenyewe vya kuhesabika. Ukilala kwenye kochi, picha inavurugika. Dereva mmoja wa lori alimwambia, "Fundi, nikirudi nyumbani nataka kujilaza, siyo kujiandaa." Baba hakununa. Alizitoa zile televisheni dirishani, na kila aliyeziulizia alimweleza kasoro zake kwanza. Tunajivunia sana hilo, maana alikuwa amezipenda kwa moyo wake wote.

Moja aliibakiza. Alikuwa amempeleka Mama kwa daktari, ikagundulika kwamba jicho lake moja lilikuwa dhaifu tangu utotoni, na picha ile haitoki bila macho yote mawili. Muda wa kulitibu ulikuwa umepita. Basi kila Jumamosi aliwakaribisha watoto wa mtaani kwetu watazame bure, na mtoto aliyesema, "Haitoki," alimshika mkono hadi kwa mzazi wake, akasisitiza apelekwe kliniki ya macho. Baadhi yao waligunduliwa mapema wakatibiwa. Wako hapa leo, watu wazima, na macho yao mawili mazima.

Nyumbani kwetu "haitoki" likawa neno la kuambiana ukweli. Mwaka jana Baba alianza kuugua figo. Hospitalini sote tulimwambia anaendelea vizuri. Siku moja alipobaki na Mama peke yake, akamgeukia. "Inatoka?"

Mama akamshika mkono. "Haitoki, mume wangu."

Akashusha pumzi. "Ahsante. Basi niitie watoto." Tukaja wote, akaagana na kila mmoja wetu kwa utulivu. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Juni mwaka huu.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, na televisheni moja ambayo Mama amekataa iuzwe.

Mama alisomewa wasifu huu kabla haujachapwa. Sehemu mbili alituzuia, akasema, "Hapo haitoki, ondoeni." Tumeziondoa. Sifa zilizobaki ni zake Baba kwelikweli, na alale nazo kwa amani.