Karani Aliyekataa Kumfungulia Mtoto Jalada

Marehemu dada yangu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi saa na mkunga. Mimi nilimfuata. Alipendwa kuliko mimi, nami sitasema uongo mbele ya jeneza.

Alisoma sekondari ya wasichana, 1975 hadi 1978. Mimi niliongoza darasa langu. Yeye alikuwa wa kumi na tisa, na bado baba alimpa saa ya mkono. Nilipolalamika, baba alisema, "We mwanangu unajua majibu. Mwenzio anajua watu."

Mwaka 1982 aliajiriwa karani wa masjala ya mahakama. Mwaka 2004 askari alimleta msichana wa miaka kumi na tatu, aliyeuzwa na jamaa zake, ashtakiwe kwa ukahaba.

"Mama, we andika tu, hakimu ataamua."

"Afande, mtoto aliyeuzwa hashtakiwi. Niletee aliyemuuza na aliyemnunua. Wino ninao tele."

Alisimamishwa kazi miezi mitatu. Mimi nilimshauri aombe radhi, nikakosea. Hakimu alikubaliana naye: mtoto alitoa ushahidi nyuma ya pazia, jina lake likafichwa kwa amri ya mahakama, na waliomuuza wakafungwa.

Aliolewa mwaka 1986 na fundi umeme. Hawakujaliwa mtoto. Baada ya kesi, kila Jumamosi alipanda basi kwenda kumwona binti huyo kwenye makao ya watoto. Mwanangu wa kwanza alipooa, siku ikawa Jumamosi. Mama mkubwa wake alifika jioni, sahani zimeshaoshwa.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Alifariki tarehe 2 Agosti, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Siku mbili kabla nilimwambia, "Dada, nitajie basi jina lake, tumwite."

"Hapana, mdogo wangu."

"Hata mimi? Mimi si damu yako?"

"Damu yangu ni wewe. Siri ni yake."

Nilitoka nimenuna, na bado inaniuma. Lakini amri aliyoilinda miaka yote haizikwi naye. Kama binti huyo yupo kati yetu leo au hayupo, mtu asimtafute.

Marehemu ameacha mume, mdogo wake mmoja, na wanangu wanne. Katika orodha ya wafiwa iliyochapwa mtaona mstari mtupu, juu ya mstari wangu. Nimeuweka mimi mwenyewe.

Apumzike kwa amani, na binti yake aishi kwa amani.