Krismasi Niliyotaka Kuikimbia

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na mliokaa huku mbele, asifiwe na mliosimama kule nyuma mkikung'uta theluji kwenye viatu. Mchungaji amenipa dakika kumi. Mwezi wa kumi mwaka uliopita angenipa hata saa nzima, nisingekuwa na neno la kumsifu Mungu nalo. Leo ninalo, na nimekuja kulisema.

Wengi mnanijua kama Mama Aline. Jina langu ni Faida, mtu wa mji wa Baraka, kule Fizi, Kongo. Tulifika Toronto tukiwa watatu, mimi, mume wangu na binti yetu Aline, ambaye sasa ana miaka kumi na minne. Tulipanga hapa Downsview, jengo la nyuma ya maghala, na mimi nikapata kazi katika kiwanda cha kufunga mikate. Baba Aline ndiye aliyekuwa anaongoza sala nyumbani. Asubuhi akitafuta soksi anaimba, akiosha vyombo anaimba, na mnakumbuka wenyewe kwamba sauti Mungu hakumpa. Lakini aliimba.

Mwezi wa pili mwaka uliopita alianguka kazini. Damu ilikuwa imevuja kichwani. Alilala hospitali siku tisa bila kufumbua macho, siku ya kumi akafariki, tukamzika. Sikujua kwamba ardhi iliyoganda kama jiwe inaweza kuchimbwa. Waliichimba kwa mashine, nami nikasimama pale nikiwaza kwamba kwetu angechimbiwa na wadogo zake kwa mikono yao.

Matanga yalikuwa siku mbili. Siwalaumu, ndugu zangu, kila mtu ana shifti yake na bosi wake. Lakini siku ya tatu nyumba ilikuwa kimya, na kimya kile kiliniingia. Nikaacha kusali. Sikumkasirikia Mungu kwa kelele, hapana, nilimnyamazia tu kama unavyomnyamazia mtu aliyekukosea. Kina mama wa kanisa walikuja na sufuria za wali, nikajifanya sipo. Aline naye akaacha Kiswahili kabisa. Nikimsemesha ananijibu kwa Kiingereza, maneno mawili, matatu, halafu anarudisha vile vitu vyake masikioni. Tulikuwa tunapishana jikoni kama wapangaji.

Majani yalipoanza kudondoka kiwanda kikapunguza watu, nami nikawa miongoni mwao. Nitawaambia ukweli kwa sababu nimesimama mbele za Mungu. Kuna asubuhi nilizolala nikitamani nisiamke tena. Nilikuwa namsikia Aline anajifunga zipu ya koti, anatoka kwenda shule bila kuniaga, na hata hilo halikuniuma. Hapo ndipo nilipokuwa.

Mungu alinitumia Mama Jeanne, yule pale mwenye kilemba cha kijani. Anafanya kazi ya kutunza wazee. Alinipigia simu mara sita, ya saba nikapokea. Hakunihubiria. Aliniambia kuna familia moja Don Mills, Wahindi Waismaili waliotoka Tanzania zamani, mama yao ni mgonjwa na wanatafuta mtu. Nikamwambia mimi Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Akasema, "Ndiyo maana wanakutaka wewe."

Ndugu zangu, sikilizeni hapo. Yule mama, Bibi Shirin, alizaliwa Korogwe. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Ameishi nchi hii karibu miaka hamsini, amelea watoto, amefanya kazi benki. Mwaka ule ule wa msiba wangu kiharusi kilimpiga, na alipozinduka Kiingereza kilikuwa kimekwenda. Kigujarati, lugha ya mama yake, nacho kimekwenda. Kilichobaki ni Kiswahili. Mwanawe, Bwana Nizar, aliletwa huku mdogo sana. Anaelewa maneno ya chakula na ya kukaripiwa, basi. Alinieleza mlangoni, kwa Kiingereza cha polepole, kwamba mama yake anaongea naye siku nzima na yeye hajui anamwambia nini. Mtu mzima yule, mvi kichwani, alikuwa na macho mekundu.

Nikaingia. Bibi alikuwa amekaa dirishani na shali mabegani, mwembamba kama mkono wangu huu. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akageuka. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Marahaba," akasema. "Umekula?"

Nikasema nimekula.

"Muongo. Mbona umekonda hivyo? Nani amekufa?"

Tangu mwezi wa pili nilikuwa nimejaza fomu nyingi na kujibu maswali ya ofisi nyingi, yote kwa lugha ya watu. Hakuna aliyekuwa ameniuliza namna ile, kwa lugha yangu, kama mtu anayetaka kweli kujua. Nikamwambia, "Mume wangu, bibi."

Akapiga kiti cha pembeni yake kwa kiganja. "Pole. Kaa hapa."

Nikakaa, nikalia. Machozi yaliyokataa kutoka makaburini yalitoka siku ile, mbele ya mama wa Kihindi ambaye nilikuwa sijakaa naye hata dakika tano. Hakunikataza. Aliendelea kutazama theluji, mkono wake juu ya mkono wangu.

Nikaanza kazi. Nilijiwekea sheria moja, kwamba nitaamka. Nikiwa na nguvu nitaamka, nisipokuwa nazo nitaamka. Mabasi mawili kwenda, mabasi mawili kurudi, upepo unakata masikio. Nilimpikia uji wa ulezi, mhogo wa nazi, maharage. Alinicheka. Aliniuliza Kiswahili changu nimekiokota wapi, nikamwambia Kongo, akasema ndiyo maana kimepinda. Lakini alikula. Sala bado sikusali. Nawaambieni mjue kwamba Bwana alikuwa ananibeba wakati mimi mwenyewe nimemgeuzia kisogo.

Wiki ya Krismasi Bibi akashikwa na homa. Ikashuka baada ya siku tatu, ila hamu ya kula haikurudi. Anafumba mdomo, anageuza uso ukutani. Mkesha wa Krismasi daktari alikuja, akamwambia Bwana Nizar kwamba ikiendelea hivi hadi kesho yake itabidi arudishwe hospitali alishwe kwa mpira wa puani. Bibi alikuwa amekwisha kutuambia, akili yake ikiwa sawa, kwamba hospitali harudi. Bwana Nizar akanipigia, akasema anajua Krismasi ni sikukuu yetu, hawezi kuniomba nije. Nikamwambia nitakuja.

Msinisifu. Sikwenda kwa wema. Nilikwenda kwa sababu niliiogopa siku ile. Nyumba bila sauti ya Baba Aline siku ya Krismasi, nisingeiweza. Na hapa kanisani ndiyo kabisa, na mapambo yenu na watoto waliovaa nguo za malaika. Nilitaka siku ipite kama Jumanne yoyote. Aline nisingeweza kumwacha peke yake, nikamwambia avae tunakwenda wote. Alinuna njia nzima, na njia ilikuwa ndefu maana siku ya sikukuu mabasi ni machache.

Tukamkuta Bibi kama nilivyomwacha. Bwana Nizar alikuwa amejaribu, mkewe amejaribu. Nikajaribu mimi, nikambembeleza, nikamtania. Akafumba mdomo. Kijiko kikapoa mkononi mwangu, nikajua nimeshindwa. Nilitaka kuinuka.

Bibi akamwona Aline amesimama mlangoni na koti lake.

"Huyu nani?"

Aline akanitazama. Nikangoja kusikia Kiingereza. Lakini Bibi hana Kiingereza, ndugu zangu! Mtoto wangu hakuwa na pa kujificha.

"Ninaitwa Aline," akasema. Kwa Kiswahili. Miezi kumi nilikuwa sijakisikia kinywani mwake.

"Baba yako yuko wapi?"

 Nilitaka kumjibia, mwenyewe akaniwahi.

"Alikufa," Aline akasema. "Alikuwa anaimba vibaya sana, bibi. Lakini alikuwa anaimba kila siku."

Bibi akacheka. Kicheko kidogo, kikavu, lakini kicheko. Akamwambia, "Basi imba wewe, nisikie huo ubaya."

Na Aline akaimba. Akauimba ule wimbo wa Krismasi ambao baba yake alituimbia kila mwaka, katika ubeti wa pili akikosea maneno yale yale. Mtoto naye akayakosea pale pale, kama alivyomsikia. Mimi nikawa nimeshika bakuli. Alipomaliza alivua koti, akachukua kijiko kwangu, akapiga magoti mbele ya kiti. "Bibi, kidogo tu. Tafadhali." Bibi akafungua mdomo. Alikula nusu bakuli. Bwana Nizar alikwenda kusimama jikoni, ametugeuzia mgongo, akijifuta uso.

Tulipotoka giza la saa kumi na moja lilikuwa limeingia. Kituo cha basi kilikuwa kitupu, theluji inashuka taratibu. Aline hakuweka vitu vyake masikioni. Akasema kwa Kiswahili, "Mama, leo ni Krismasi, na hatujasali."

Nikafungua mdomo, nikatafuta sala, sikuipata. Miezi kumi ya kunyamaza si mchezo. Likatoka neno moja, "Asante." Nikalirudia. Aline akalirudia. Tulisimama pale tumeshikana mikono ndani ya glavu, tukisema asante, asante, hadi dereva wa basi akatupigia honi.

Ndugu zangu, huo ndio ukombozi wangu. Mume wangu bado yuko kaburini na Jumapili nikitoka hapa nakwenda kumwona. Bibi Shirin bado ni mgonjwa, ila yuko nyumbani kwake, na Aline huenda Jumamosi kumlisha na kumgombeza. Nyumbani tunazungumza. Mara nyingine tunagombana kwa Kiswahili, nami namshukuru Mungu hata kwa ugomvi huo. Na kila asubuhi tunasali, tupende tusipende. Nimekwisha kuamua. Sitamnyamazia Bwana tena hata akinipitisha pagumu kuliko hapa.

Namshukuru Yeye. Namshukuru Mama Jeanne kwa simu ya saba. Nawashukuru na ninyi mliokuja na wali, mnisamehe.

Na wewe uliyekuja leo kwa kusukumwa, unayehesabu siku ili sikukuu ziishe, nakuona. Nimekaa kwenye kiti hicho hicho. Sikuombi uimbe wala unyanyue mikono. Mtegemee Bwana kwa kile kidogo ulichobaki nacho, hata kikiwa neno moja lisilo na mwenzake. Mimi nililisema nikiwa kituo cha basi, midomo imekufa ganzi, na alilisikia. Tukimaliza ibada njoo ukae karibu yangu na Aline. Tutakuuliza kama umekula.