Huqa Jaldesa, Fundi Aliyeifungia Gereji Magurudumu

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Fundi Huqa Jaldesa atastaafu baada ya kuutumikia Ushirika wa Malori ya Maji wa Bulla Pesa kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Kwa muda wote huo alichukua likizo mara mbili, na mara zote mbili alionekana gerejini siku ya tatu, akidai amesahau kofia.

Aliajiriwa Julai 1994 kama msaidizi, akawa fundi mkuu mwaka uliofuata, mtangulizi wake alipohamia Kinna kulima vitunguu. Pamoja na cheo alirithi gereji yenye upana wa futi kumi na nne. Lori likiingia, gereji imejaa. Vaisi ya kubania vyuma ilikuwa imeshikiliwa na simiti upande wa kushoto, kompresa upande wa kulia, na fundi aliyetaka kutoka huku kwenda kule alilazimika kupanda kwenye kiti cha dereva na kushukia mlango wa pili. Tuliendelea hivyo miaka ishirini na miwili, tukiita utaratibu.

Mwaka 2017, ukame ulipotubana, kamati iligundua jambo ambalo mafundi walikuwa wamelisema tangu zamani: gereji ni ndogo. Dawa yake ikawa kuifunga na kupeleka malori Meru kutengenezwa. Barua ya pendekezo hilo iliandikwa kwa Kiswahili kizuri sana. Mwandishi wa wasifu huu anajua, maana ndiye karani aliyeiandika. Haikutaja popote kwamba lori likilala Meru siku nne, watu wa Sericho nao wanakaa siku nne bila maji.

Fundi Huqa hakuijibu barua. Alisema tu kwamba kwao nyumba nzima huhama juu ya ngamia wawili, sasa vaisi ni nani hata isihame? Kisha akachukua nyundo akaivunja simiti.

Jaribio la kwanza lilitumia magurudumu ya kiti cha meneja wetu wa wakati huo, Bwana Abdinajib Warfa, ambaye hakuwa ameombwa. Magurudumu hayo, yaliyozoea kubeba meneja tu, yalishindwa na vaisi kwa siku mbili. Ya wilbaro kuukuu yakafaa zaidi. Mwezi haukuisha kabla meza, kompresa, mashine ya kuchomelea na hata kabati la spana havijapata magurudumu, pamoja na vipande vya mbao vya kuvizuia visitoroke. Asubuhi vyote vilisukumwa nje, lori likaingia, kisha kila chombo kikaletwa pale kilipohitajika. Lori likikwama njiani, vyombo vilipandishwa kwenye pikapu kwa mbao mbili na kulifuata huko huko.

Ndivyo ilivyokuwa siku aliyofika mkaguzi wa kamati kuupima udogo wa gereji. Lori lilikuwa limevunjika springi njia ya Sericho, na gereji nzima ilikuwa imelifuata. Mkaguzi alikuta sakafu iliyofagiwa na mlinzi wetu, Lokuruka. Alipouliza vifaa viko wapi, Lokuruka alimpa ukweli mtupu: “Vyombo imeenda safari ya Sericho. Ikimaliza kazi itarudi.” Mkaguzi akaona anataniwa. Ripoti yake ilisema kwamba gereji ni kubwa kupita mahitaji, ila haina hata spana moja.

Kamati, iliyokuwa tayari kuifunga gereji kwa udogo, haikujua ifunge vipi kwa ukubwa. Badala yake iliinunulia meza mpya ya chuma, nzito, yenye boliti nane za kuikaza sakafuni. Fundi Huqa aliipokea kwa adabu, akashukuru, na kabla ya wiki kwisha ilikuwa na magurudumu manne.

Tangu hapo hakuna lori letu lililolala Meru. Kila mkutano mkuu kamati hulitaja jambo hilo kama uamuzi wake wa busara, na Fundi Huqa hupiga makofi kama wengine.

Mwezi huu, hata hivyo, alitutia wasiwasi. Barua yake ya kustaafu ilikaa mezani kwangu wiki mbili bila sahihi. Alisema hatatia sahihi mpaka lori liharibike njiani na litengenezwe bila yeye. Jumanne iliyopita likaharibika, karibu na Garbatulla. Alimkabidhi Dokata Liban, mwanafunzi wake wa miaka tisa na atakayeshika nafasi yake, funguo za pikapu, kisha akaja kukaa ofisini kwangu. Alikataa kwenda. Alikataa hata kupiga simu. Alikunywa chai vikombe vinne na kuifungua stepla yangu, ambayo haikuwa mbovu, akaikaza upya. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akiogopa.

Baada ya alasiri Dokata akapiga mwenyewe: “Mzee, gari ilishawaka. Maji imefika Sericho, akina mama wako kwa laini na mitungi.”

Hakumsifu. Alimwambia arudi polepole, akakata simu, akaomba kalamu. Alipokuwa akitia sahihi, nikajifanya natafuta faili.

Asante, Fundi. Mungu akupe afya, wewe na mkeo, Mama Mulki, na siku zilizobaki ziwe nyingi na nyepesi. Umehakikisha kwamba tunaweza kazi bila wewe, na ni kweli tunaweza. Ila hatutaki.

Hamdia Ardo, karani