Nani Alifungua Lango

Nyuma ya soko la Kamwokya, kando ya kibanda cha video cha Sylvanus, pana benchi la mbao lililopigiliwa misumari kwenye nguzo mbili ili lisiibwe. Hapo ndipo Habibah binti Kamis huweka jiko lake la makaa na birika la kahawa ya tangawizi, na hapo ndipo baba yake, Kamis Abdul-Karim, hukaa kila alasiri, mikono juu ya mkongojo. Wenziwe ni wawili: Odur, fundi baiskeli, anayeitwa Spoki, na Mumbere, muuza mitumba, anayeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Kamis mwenyewe wanamwita Jaji. Jina hilo alilipata mwaka 1987, na bintiye hajawahi kulitumia.

Jumamosi hiyo ya mwaka 1998 walikuwa wametoka kutazama sinema ya Wazungu wa zamani sana, wa enzi za mapanga na mavazi ya chuma. Ngome ilitekwa kwa sababu mtu alilifungua lango kutoka ndani. Kwanza mwenye ngome alisimulia mambo yalivyokuwa: mkewe ndiye aliyefungua. Kisha hadithi ikaanza upya, safari hii ikisimuliwa na rafiki yake, naye akamtaja mwanamke huyo huyo. Ilipoanza mara ya tatu, mvua ile ile na farasi wale wale, watazamaji wakadhani kanda imekwama. Wakazomea. Kamis aligonga ukuta wa mabati kwa mkongojo mpaka Sylvanus akaipeleka kanda mbele, moja kwa moja hadi mwisho, mwanamke akitolewa nje ya ngome miguu mitupu.

— Ile bwana yake mimi siamini, alisema Odur. Nyumba inaungua, yeye anachana ndevu. Aliuza lango mwenyewe, apate ile farasi nyeupe.

— Farasi alikuwa nayo toka mwanzo, Spoki, alisema Mumbere.

— Ile ilikuwa ingine. Hii ya mwisho ina mukia fupi.

Mumbere alipuliza kahawa yake, akaeleza kwamba kwao milimani seremala akikosa malipo huweka komeo la mti mbichi, likikauka linapinda, mlango unajifungua wenyewe. Kwa hiyo wa kushikwa ni seremala. Odur akamuuliza huyo seremala alimwona wapi kwenye picha. Mumbere hakurudi nyuma. Akasema hata wale wanaume wawili walikuwa mtu mmoja.

— Uliona sura zao wewe? Kichwa yote iko ndani ya sufuria. Mutu moja, anavaa hii, anavaa ile, anakuja kusema mara mbili.

— Redio, wewe ulilala.

— Kama nililala, nani alikula karanga zako?

Wakamgeukia Jaji, kama ilivyo desturi ya benchi. Kamis alikohoa kidogo.

— Mashahidi wawili wamesema jambo moja. Mwanamke alifungua. Hakuna cha kuongeza.

Mkono wa Habibah, uliokuwa ukimimina, ulisimama, kisha ukaendelea. Kamis aliuona, na moyo wake ukaenda pale ambapo siku zote aliukataza kwenda.

Siku za vita, Januari 1986, watu wenye bunduki waliingia nyumbani kwa Dawudi, mume wa Habibah, wakamshusha darini mdogo wa Dawudi aliyekuwa amejificha, wakaenda naye. Hakuonekana tena. Mlango haukuwa umevunjwa. Mwaka uliofuata Dawudi alimrudisha Habibah kwao, akaja na rafiki yake aliyelala nyumbani humo siku ile, na mbele ya wazee, wote wawili wakasema kuwa Habibah ndiye aliyefungua. Kamis aliwasikiliza mpaka mwisho, akakubaliana nao, na watu wakamsifu kwa kutompendelea mtoto wake. Habibah akabaki. Mwanawe Abudu, wa miaka mitatu, akaondoka na baba yake kwenda Bombo. Tangu hapo kila Idd Habibah humshonea kanzu na kuituma, akikisia urefu.

Akafika kijana Mkenya aitwaye Wanyama, msambaza mikate, mgeni wa wiki moja mtaani. Aliomba kikombe, akauliza kama picha hiyo inafaa kulipiwa kiingilio. Odur akamsimulia yote: mume alivyosema, rafiki alivyosema, kanda ilivyoanza mara ya tatu ikakwama. Wanyama alisikiliza kwa makini.

— Na bibi mwenyewe, alisema nini?

Odur alimtazama Mumbere. Mumbere alitazama ndani ya kikombe chake. Kutoka kibandani ilisikika sauti ya kanda ikirudishwa nyuma.

— Haikufika hapo, alisema Odur mwishowe.

— Si mumesema ilianza mara ya tatu?

Kamis alikuwa akiutazama mkongojo wake, ncha ile iliyogonga mabati. Miaka kumi na mmoja ilikuwa imepita, na kila asubuhi alipokea kikombe kutoka mkono ule ule.

— Habibah, alisema.

— Naam, Baba.

— Siku ile, kwa Dawudi. Mlango. Wewe unasemaje?

Habibah alichota majivu kwa kipande cha bati, akayamwaga mtaroni, akarudi.

— Siku ya kikao nilisimama pale kizingitini, Baba. Nilikuwa nimejipanga kusema. Ukaniambia niende jikoni, niwapikie wageni kahawa.

Alisema bila kupandisha sauti. Kisha akainua kifuniko cha birika, akachungulia, akamtazama Wanyama.

— Yako nitakuwekea sukari?

Wanyama akaitikia kwa kichwa. Kamis aliendelea kukishika kikombe chake kilichojaa. Hakuweza kukinywa, wala hakuthubutu kumrudishia bintiye.