Panya wa Profesa Erinayo

Kwenye benchi la kahawa la Alum, karibu na nyumba za reli pale Nsambya, asubuhi hiyo kulikuwa na kikao kizito. Profesa Erinayo, aliyesomea ubongo ng'ambo akarudi kufundisha chuo kikuu, alikuwa amepandishwa cheo tena. Wenzake walikuwa wametoroka nchi mmoja mmoja. Yeye kabaki na ofisi zao zote na panya wake wa majaribio. Alum, mama muuza kahawa, alimmiminia kikombe huku moyo wake haujatulia. Huyu naye anangoja nini?

— Mwaka ujao utakuwa chuo kizima peke yako, alisema Owuor, dereva wa treni waliyemwita Injini.

— Nikienda, panya wangu atawalisha nani?

— Lakini bwana ssebo, panya anasoma nini? aliuliza Marjan, sajini mstaafu.

— Unawasha taa, unamshtua kidogo kwa umeme. Kesho akiona taa tu, anaganda. Natafuta woga unakaa wapi kichwani.

— Wangu unakaa tumboni!

— Wako unakaa nyumbani, Injini, umevaa gauni la gomesi, alisema Marjan.

Benchi likatikisika kwa kicheko.

— Huyu anatuficha, Marjan aliendelea. Panya hao wanafunzwa kunusa sukari ya magendo. Karibu watapewa sare.

— Na vyeo! alidakia Injini. Panya atakuwa meja, wewe sajini vilevile. Lakini mimi sigandi, bwana. Mtu akiogopa anakimbia. Kuganda ni tabia ya panya.

Pejo nyeupe ikasimama mbele yao. Akashuka mtu wa shati la maua na miwani myeusi, kama wavaavyo makachero wa serikali.

— Profesa wa panya anakaa wapi?

Kikombe cha Injini kiligandia hewani. Marjan alibaki mdomo wazi. Profesa alikuwa akitazama viatu vyake mwenyewe. Benchi lililojua kila kitu sasa halikujua lolote.

Alum akalifunika birika kwa kitambaa.

— Hatumjui, afande. Na kahawa imekwisha.

Mtu yule aliwapitia kwa macho, akarudi garini. Pejo ilipopinda kona ndipo Injini akashusha mkono. Hakuna aliyemcheka.

Alum alilifunua birika, akamwongezea Profesa.

— Profesa, panya wako ukimfungulia mlango, anafanya nini?

Profesa alifikiri kama aliye kwenye mtihani.

— Anatoka.

— Lile gari la samaki pale ng'ambo ya barabara linarudi Ggaba, ziwani, sasa hivi. Dereva ni shemeji yangu, na mashua za kuvuka mpaka huko hazikosi.

— Na panya?

— Mume wangu anafagia hukohuko chuoni. Niachie ufunguo. Wanakula mahindi?

Profesa akauweka ufunguo kando ya kikombe, akainuka kulifuata gari la samaki.

Kahawa yake aliimalizia Injini.