Redio, Fundi Viatu Aliyekataa Kuambiwa Peke Yake

Mdogo wetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 12 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha ngozi, akiwa kitinda mimba wa mama yetu.

Alisoma hadi darasa la saba. Kila dawati alilohamishiwa aliongea, ndipo mwalimu akamwita Redio. Baba alipoanguka akifunga kamba za viatu, akafa pale pale, shule iliishia hapo. Redio akaingia kwenye ufundi viatu, katika kibanda cha mabati kando ya stendi.

Mwaka 1984 alimwoa mshona nguo wa jirani. Alikuwa akimtengenezea ndala na kila mara akiacha uzi haujakazwa, ili binti arudi. Mwishowe binti akamwambia, "Kama unataka kunioa sema, viatu vyangu vimechoka."

Kaka yetu naye alianguka akafa, mkono ukiwa bado kwenye kitasa cha mlango. Watafiti wa vinasaba walipokuja kwetu sisi wenyeji wa asili, mwaka 2016, kuutafuta ugonjwa huo wa moyo katika damu ya ukoo wetu, tuliwakumbuka wenzao wa zamani waliomtoa mama damu wakaondoka nayo, wasirudi na majibu. Tukamtuma Redio akakae nao mezani. Hakwenda kuitikia tu. Alidai, wakakubali, kwamba majibu yasifunguliwe mpaka nyumba zote nne za ukoo ziridhie. "Ukiniambia mimi," alisema, "umeshamwambia na ndugu yangu ambaye hakuuliza."

Nyumba tatu ziliridhia. Ya nne, ya binamu yetu mwashi, ilikataa. Redio alibisha hodi pale mara kwa mara.

"Baba yangu alikufa usingizini, hakujua kitu," mwashi alimjibu. "Mimi unataka nikae macho nikingojea? Niache, Redio. Leo nakuzima."

Redio alicheka, akaomba maji, akanywa, akarudi kwake.

Mwaka jana alianza kuzirai kibandani. Mashine ya hospitali haikuona kitu. Daktari wa utafiti, binti mwenye huruma, alifunga mlango.

"Mzee, majibu yako ninayo, bado yamefungwa. Kama ni ule ugonjwa, kipo kifaa cha kuwekwa kifuani. Nikuambie wewe tu, nani atajua?"

"Mimi nitajua, mwanangu. Na nikipitia mlango wa uani leo, kesho nani atatuamini tena?"

Mkewe alilia. Mmoja wetu, dada yake mkubwa, alimgombeza mpaka sauti ikakauka. Hakugeuka.

Alianguka Jumanne, tarehe 9 Juni mwaka huu, asubuhi, sindano ikiwa mkononi. Jioni mwashi alifika msibani, akasimama mlangoni, akashindwa kuingia. "Nimeridhia," alisema. "Wafungue."

Ameacha mjane, mwana mmoja wa kiume, mabinti wawili, wajukuu watano, sisi dada zake wawili, na binamu mwashi. Jumatatu wote wataingia kwa daktari kwa pamoja. Majibu ya Redio yatasomwa kwanza, kisha ya mwanawe.

Ulale pema, mdogo wetu.